Mkwe Wetu Amefiwa Napoli

Naona aibu hata kushika kalamu, lakini afadhali niiandike aibu yangu kwa mkono wangu mwenyewe kuliko kuendelea kumsikia Felista akiieleza pale kwa msusi, maana kila akiieleza anaongeza chumvi, na juzi nimesikia eti nilirusha kiatu kikampiga padri. Uongo. Kiatu hakikumpiga mtu yeyote. (Kilitoka chenyewe, kikaanguka kando ya maua.) Kwa hivyo nimeketi hapa mlangoni pangu Makongeni, chai ya tangawizi iko karibu, na ninaandika mambo vile yalivyokuwa, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la tatu, mkiona makosa nyamazeni muendelee kusoma.

Tulikuwa watatu. Mimi, Mama Simiyu, mjane wa fundi wa reli, ninayejulikana hapa estate kama mama asiyecheka ovyo. Wa pili ni Rispa, tunayepakana naye mlango kwa mlango tangu waume zetu wapewe nyumba hizi. Wa tatu ni huyo Felista, ambaye alihama akaenda kupanga Kayole lakini mdomo wake aliuacha hapa hapa Makongeni.

Sasa Rispa ana binti, Nafula, niliyemwogesha kwa karai hili ninaloliona hapa nje. Nafula alienda Italia akapata kazi katika duka la kuoka mikate, mji unaitwa Napoli, na kijana aliyekuwa akileta unga pale dukani, Paolo, akawa anakawia kuondoka hata akishashusha magunia. Wakapendana katikati ya unga. Huyo Paolo alikuja Makongeni wakati wa Krismasi, akala ugali kwa mkono, akaketi na wazee, akatuinamia vizuri, hatukuwa na neno naye. Neno lilikuwa kwa mama yake. Mama Paolo hakuwa amesema hapana, lakini pia hakuwa amesema ndiyo. Nafula akienda pale kwao hupewa kahawa, anaulizwa habari za kazi, halafu anafunguliwa mlango aende.

Siku moja Nafula akapiga simu, na mimi nilikuwa pale kwa Rispa nikisikia. Akasema, "Mama, mje. Uje na Kukhu na Auntie Felista. Huyu mama akiwaona atajua mimi nina watu, si mtu wa kuokotwa barabarani." (Kukhu ni mimi. Kwetu ndivyo tunavyoita nyanya, na Nafula ameniita hivyo tangu ajue kuongea.)

Kwetu binti haendi kuolewa kama mzigo uliopakiwa bila mtu wa kuusindikiza. Nikamwambia Rispa, "Tunaenda." Wale watoto wakatutumia tikiti, na nikachaguliwa mimi kuwa msemaji mbele ya wakwe, kwa sababu Rispa ni mpole hata anaomba msamaha kabla hajakosa, na Felista nimeshawaeleza.

Kabla hatujasafiri nikawakalisha hawa wawili nyumbani kwangu nikawapa sheria. Nikasema, huko hatuendi kushangaa midomo wazi, hakuna kucheka barabarani, hakuna kushika kitu dukani ambacho hununui, na hakuna mtu kufanya jambo lolote bila kuniuliza mimi.

Felista akauliza, "Na wewe, Mama Simiyu, utamuuliza nani?"

Nikamjibu, "Mimi sina haja ya kuuliza."

Mkumbuke jibu hilo.

Tulifika Napoli wakati baridi yao imeondoka na jua limerudi, Nafula alituambia ndio majira ya kuchipua, na kweli kila kitu kilikuwa kinachipua, hata watu. Jamani! Mimi nilikuwa nimejiandaa kukuta Wazungu wametulia kila mtu kivyake, kumbe ni Kayole siku ya Jumamosi, ila wameongeza makanisa. Vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa kutoka dirisha la huku hadi dirisha la ng'ambo, mashuka, suruali, mpaka zile za ndani, na mwanamke mmoja ghorofani anamfokea mwingine ghorofani, na huyo mwingine anajibu huku anateremsha kikapu kwa kamba muuza mboga amtilie vitunguu. Pikipiki ndogo zinapita zimebeba mtu na mke na mbwa. Ndimu kubwa kama mapapai. Watu wamejaa njiani, bega kwa bega, wenyeji na wageni, kila mtu anaongea kwa mikono, na jua hilo, jua zuri la kupaka ngozi mafuta bila kuichoma, linashuka katikati ya nyumba hizo ndefu na kuangukia maua kwenye madirisha. Nilikaza uso kama kiongozi, lakini ndani moyo wangu ulikuwa unaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Felista hata hakujaribu kukaza. Alinunuliwa aiskrimu na Paolo akailamba akitembea, mwanamke mwenye wajukuu, imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na nilipomkanya akaniambia, "Wee, angalia yule mzee mwenye suti na tai, naye analamba." Nikaangalia. Alikuwa analamba. Jioni hiyo nikalamba na mimi. (Ya ndimu. Sikujuta.)

Haya, sasa siku yenyewe. Mama Paolo alikuwa amekubali tukutane naye, chakula cha jioni, nyumbani kwake, mara ya kwanza. Asubuhi Nafula alikuwa kazini, akatuketisha kwenye benchi karibu na duka lao, mahali penye chemchemi ya maji, tukiwa tumevaa vitenge vyetu vya kufanana, vya rangi ya machungwa, vilemba juu, na kila mmoja na leso yake kwa mkoba. Nikamuuliza, "Huyu mkwe mbona hatumwendei mapema tumsaidie kupika?" Nafula akaangalia chini, akasema, "Kukhu, asubuhi ako na mambo kanisani. Mambo ya familia." Nikauliza, "Mambo gani?" Akasema, "Ya familia tu. Tafadhali msitoke hapa, watu ni wengi, mtapotea." Akaingia dukani na aproni yake.

Tukakaa. Tukaangalia watu. Kisha wakapita wanaume wawili wamebeba maua meupe, mengi, yamepangwa kwenye kitu kikubwa cha mviringo, wanakimbia kimbia kama wamechelewa, wakapinda kona. Mimi napenda maua. Nikasema, "Twende hapo konani tu, tuone yanapelekwa wapi, turudi." Rispa akasema, "Nafula amesema tusitoke." Nikasema, "Kona ni kutoka?" Na hapo ndipo nilipojimaliza.

Tulipinda ile kona tukakuta uwanja mdogo na kanisa la mawe, na mbele ya kanisa gari jeusi, refu, linang'aa kama limepakwa mafuta, juu yake na mbele yake maua meupe. Watu wamesimama kwenye ngazi. Wanaume wote suti nyeusi. Wanawake wengi nguo nyeusi. Wote, mpaka wazee, miwani myeusi ya kuficha macho. Wengine wamekunja mikono, hawaongei, wanaangalia mlango wa kanisa uliofungwa. Na mbele kabisa, kando ya gari, mwanamke mmoja ambaye nilimjua mara moja kwa sababu Nafula alikuwa ametuonyesha picha yake kwa simu mara nyingi. Mama Paolo. Amevaa nyeusi kutoka shingo mpaka miguuni, ameinua miwani, anajifuta machozi kwa kitambaa.

Nikamshika Rispa mkono.

"Mkwe wetu amefiwa."

Sasa mnielewe. Mimi katika maisha yangu sijaona mtu aende harusi na nguo nyeusi. Hapa kwetu harusi ni rangi, ni vitenge, ni magari yanapiga honi mpaka Jogoo Road inajua, na watu wanaimba kuanzia getini. Gari jeusi refu lenye maua ninalijua, nimelisindikiza mara nyingi likianza safari ya kupeleka maiti kuzikwa kwetu magharibi. Na Nafula ameangalia chini, amesema mambo ya familia, hataki kutuambia ni mambo gani. Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Paolo ana nyanya yake, mzee sana, wanamwita Nonna, Nafula alikuwa ametuambia miguu yake imechoka. Nikasema, "Ni yule nyanya. Nonna ameenda, na huyu mtoto ametuficha ili tusiharibikiwe na safari."

Felista akanyoosha shingo. "Mama Simiyu, mbona yule mwanamume amebeba kikapu cha mchele?"

"Ni wa kupikia watu wa matanga."

"Kikapu kidogo hivyo?"

"Ni Wazungu, hawali sana."

Rispa naye, kwa sauti ya chini, "Na ule utepe mweupe kwenye mlango wa gari?"

"Ni wa roho ya marehemu," nikasema. (Sijui niliutoa wapi huo utepe wa roho. Mtu akishaamua jambo majibu yanakuja yenyewe.)

Rispa akasema, "Tumngoje Nafula, jameni." Nikamgeukia kwa ukali. "Mkwe anazika na wewe umesimama na kitenge cha machungwa unangoja? Atasema watu wa Nafula ni watu gani? Atasema walikuja, wakaona, wakasimama kando kama wanaongoja basi!" Rispa akafungua mkoba wake akatoa leso.

Maana kwetu mtu hafiki matangani kimya. Ukifika kimya watu wanaulizana, huyu alikuwa adui? Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili wafiwa wasikie kwamba watu wao wamekaribia. Na sauti yangu, siwezi kujisifu, lakini hapa Makongeni mwili ukitolewa mimi ndiye huitwa. Nikavua kilemba. Nikafunga leso kiunoni, ile nyekundu. Nikaweka mikono kichwani. Nikajaza kifua hewa ya Napoli.

"Uuuuuwiiii! Nonna weeee! Nonna umetuacha na naniiii!"

Njiwa wote waliokuwa juu ya kanisa wakaruka.

Nikaanza kukimbia ile mbio yetu ya matanga, unaenda mbele, unarudi kidogo, unaenda mbele tena, na hapo ndipo kiatu kilipotoka. Nyuma yangu Rispa analia kwa sauti nyembamba, Felista anapunga leso hewani na kuita, "Nonna! Nonna!" Watu wakatugawanyikia. Wakavua miwani. Simu zikatoka. Nikaona hakuna hata mmoja wao anayelia nasi, wamesimama tu, nikawaonea huruma sana, nikajisemea, masikini, hawana mtu wa kuwaanzishia, basi nikaongeza. Nikalia, "Nonna uliyetulisha! Nonna uliyetufunika usiku! Nani atatuamsha asubuhi, Nonna! Nani atatukanya sasa!" Mlango huo wa kanisa nadhani ulitetemeka. Nikamfikia Mama Paolo, nikamwangukia shingoni, nikamkumbatia kwa nguvu zote, na Rispa akamkumbatia upande wa pili, na huyo mama akasimama katikati yetu mkavu kama ubao wa kupigia pasi.

Kengele zikalia. Milango ikafunguka pande zote mbili.

Akatoka bibi harusi.

Mweupe pe, shela mpaka chini, ameshika maua, ameshikwa mkono na bwana harusi, na uso wake una lile tabasamu la kupigwa picha, na yule mwanamume wa kikapu (nadhani mikono yake ilishazoea, haikungoja akili) akarusha mchele juu, na wengine wawili watatu wakarusha, na punje zikaniingia mdomoni nikiwa katikati ya uwiii.

Hapo nieleze kitu kimoja kuhusu Felista, kwa sababu haki ni haki. Felista alipoona ile shela, bila kuvuta pumzi, akageuza kilio kikawa kigelegele. Kilianza ni msiba kikaishia ni sherehe, sauti ile ile moja. Mimi sikuweza. Mimi nilikuwa natema mchele.

Bibi harusi ameganda ngazini na midomo imeanza kumcheza. Paolo akatokea nyuma yao, mlangoni, macho yamemtoka. Na kwenye kona ile tuliyokatazwa, Nafula anakuja mbio, aproni imejaa unga, mkono juu ya mdomo.

"Kukhu! Mama! Mnafanya nini? Ni harusi! Ni harusi ya binamu yake Paolo!"

Nikasema, "Harusi? Na mbona hukutuambia?"

Akasimama. Macho yakamjaa machozi. Akasema polepole, "Kwa sababu mimi sikualikwa, Kukhu. Mama yake Paolo alisema ni ya watu wa nyumbani peke yake. Paolo alitaka kukataa kwenda, nikamwambia aende. Sikutaka mjue."

Watu wangu, nimeaibika mara nyingi katika dunia hii, lakini hapo nilitamani mawe ya ule uwanja yafunguke. Hatukuja kumwonyesha huyu mama kwamba mtoto wetu ana watu? Basi ameonyeshwa. Watu wenyewe ndio hawa, vichwa wazi, leso viunoni, mmoja na kiatu kimoja, wanalilia maiti kwenye harusi. Ni mahali gani duniani mtu atakubali hilo liwe jambo jema? Nikaona ndoa ya Nafula imelala pale chini pamoja na ule mchele, na mimi ndiye niliyeiua kwa mdomo wangu.

Mama Paolo akajitoa mikononi mwetu. Akajinyoosha nguo. Akamuuliza Nafula kitu, sauti imekauka. Nafula akatafsiri bila kuniangalia. "Anauliza, ni nani amekufa?"

Sasa ningeweza kudanganya. Felista alikuwa tayari ananikonyeza, najua alishatunga kitu. Lakini mimi uongo haunikai. Nikapiga magoti pale kwenye ngazi, nikasema, "Mwambie hakuna aliyekufa isipokuwa akili yangu. Mwambie nimemwona amevaa nyeusi na analia, nikadhani amefiwa na mama yake, na kwetu mkwe akifiwa hatumwachi alie peke yake. Mwambie na bibi harusi anisamehe, na kama kuna laana imetoka mdomoni mwangu, naitaka irudi kwangu mwenyewe."

Nafula akatafsiri. Mama Paolo akaniangalia tu.

Basi nyuma ya bibi harusi tukasikia fimbo inagonga jiwe. Kok. Kok. Watu wakapisha. Mwanamke mdogo, mzee kuliko mzee, ameegemea mkono wa Paolo, nguo nyeusi, nywele nyeupe, pua kubwa, macho makali kama ya mtu aliyekuamsha kuchota maji. Akauliza jambo kwa sauti ya kukwaruza, na watu wote wakaangalia viatu vyao.

Nafula akaninong'oneza, "Huyu ndiye Nonna. Anauliza, nani alikuwa ananililia?"

Yaani amesikia! Alikuwa ndani ya kanisa, mzima, ameketi kiti cha mbele kwenye harusi ya mjukuu wake, na akasikia jina lake linaliliwa huko nje kwa kilio cha mazishi. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Siku hiyo nilikuwa mtoto wa shule.

Akanijia. Akaniangalia leso, akaniangalia nywele, akaniangalia ule mguu usio na kiatu. Akasema, na Nafula akatafsiri, "Ulikuwa unasema nini juu yangu?"

Nikajibu, "Nilisema ulitulisha. Nilisema ulitufunika usiku. Nikauliza nani atatuamsha asubuhi, na nani atatukanya."

Nafula akamwambia. Yule mzee akasimama hapo akitafuna midomo yake. Kisha akamgeukia Mama Paolo na ukoo mzima pale ngazini, akainua fimbo, akasema maneno mengi, na watu wakaanza kukohoa, wengine wakajifunika midomo, na Paolo akacheka waziwazi. Nikamvuta Nafula aproni, "Anasemaje? Anatufukuza?"

"Anasema," Nafula akasema, na sasa hata yeye alikuwa hajui kama alie au acheke, "anasema, mmesikia? Huyu mwanamke hajaniona hata siku moja na amenisifu kuliko ninyi nyote tangu niwazae. Anasema kijijini kwao milimani wanawake walikuwa wanalia hivyo hivyo, na nywele wazi, na kitambaa mkononi, na mama yake mwenyewe alikuwa akiitwa vijiji vya mbali kwa ajili ya sauti yake. Anasema ninyi watu wa mjini mnazika mtu kama mnapeleka kifurushi posta. Anasema akifa anataka huyu."

"Anataka nani?"

"Wewe, Kukhu."

Kisha Nonna akamwona Nafula mwenyewe, ile aproni, ule unga mpaka kwenye nyusi. Akauliza kitu kifupi. Mama Paolo akajibu kitu kifupi zaidi, uso umekuwa mwekundu kama nyanya za pale sokoni. Nafula hakutafsiri. Ilibidi Paolo aseme kwa kile Kiswahili chake cha Krismasi, pole pole, neno moja moja, kwa furaha ya mtu aliyengoja siku nyingi: "Nonna anauliza, msichana ni wa nani. Mama anasema, wa hawa. Nonna anasema, kwa nini hakukaa kanisani. Mama... hana jibu."

Nonna akamshika Nafula mkono wenye unga, akauweka chini ya kwapa lake, upande ule usio wa Paolo, akaanza kuteremka ngazi. Hakuuliza mtu. Niliupenda huo mwendo, niliujua, ni wangu.

Na bibi harusi? Huyo mtoto Mungu ambariki. Alishuka akaja mbele ya Felista, akaonyesha mdomo wake kwa kidole, akaonyesha juu, maana yake, fanya ile ya pili. Felista akaangalia upande wangu (mara ya kwanza katika safari nzima aliniuliza ruhusa), nikaitikia kwa kichwa, akapiga vigelegele mpaka wale wanawake wa ghorofani wakajibu kutoka madirishani. Rispa akapiga. Nikapiga na mimi, mchele mwingine bado uko mdomoni. Tukaingia kwenye picha za harusi, vitenge vya machungwa katikati ya suti nyeusi zote zile, na nikaiona hiyo picha baadaye, tunafanana na moto uliowashwa kwenye makaa.

Kile chakula cha jioni cha watu wachache hakikuwapo tena. Tulikula harusini. Mama Paolo alikaa mbali mwanzoni. Baadaye akaja na sahani ya samaki akaiweka mbele ya Rispa, akavuta kiti, akaketi, wakawa wanaonyeshana picha za watoto wao wakiwa wadogo kwa simu, bila lugha, mama mmoja anacheka na mama mwingine anaguna. Halafu akanigeukia mimi akanipa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Kiatu changu. Kilikuwa kimefutwa vumbi.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea, na padri hakupigwa na kitu. Mwaka huu Nafula anaolewa, kanisa lile lile, na Mama Paolo ameniletea salamu kupitia kwa Nafula kwamba yeye siku hiyo atavaa rangi ya kijani, ili nisichanganyikiwe. Salamu zimefika. Nimejifunza, na ninaapa mbele yenu wote mnaosoma: sitalia tena popote, hapa au ng'ambo, kabla sijauliza kwa sauti ya kawaida ni nani aliyekufa na jina lake nani, na nikiambiwa na mtoto nisitoke kwenye benchi nitalikalia hilo benchi mpaka lioze.

Isipokuwa kuna kilio kimoja ninadaiwa. Kila Jumapili baada ya kanisa Nafula hupiga simu, na kabla hatujasalimiana nasikia ile fimbo ikigonga sakafu, na sauti ya kukwaruza inauliza kitu kile kile, na Nafula anacheka anasema, "Kukhu, Nonna anauliza kama sauti bado iko."

Nami hukohoa kidogo, nakunywa tangawizi yangu, namjibu, "Mwambie iko. Lakini asiwe na haraka."